Mjomba, tung'oe madirisha ya baba?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila kukuandikia ndiyo leo. Nina nyumba ya mawe niliyoachiwa na marehemu baba, naye aliachiwa na baba yake. Kuta zake ni nene kiasi kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa napanda dirishani, nakunja miguu, na mtu akipita nje hanioni. Madirisha yapo 11, yote ya mbao. Kila moja lina mabawa mawili yanayofungukia nje, na kila bawa lina vioo vidogo 6.

Sasa madirisha hayo yamenichosha. Mawili ya upande unaopigwa na mvua, la jikoni na la sebuleni, yanaingiza maji chini mpaka matambara yamekuwa ya kudumu pale. Upepo ukivuma, nyumba nzima inapiga mluzi usiku kucha. Dirisha la chumbani kwetu halijafunguka tangu lilipopakwa rangi mara ya mwisho, na kona ya ukuta iliyo kando yake imeota ukungu mweusi. Alfajiri vioo vyake vinachuruzika maji hata kama hakukunyesha. Rangi inabanduka magamba magamba, na mtoto wetu wa miaka 2 ameshaanza kuyaokota. Miaka 4 iliyopita tulimwita fundi, akabandua lipu ya zamani kuzunguka madirisha ya upande wa mvua akapiga saruji safi kabisa. Tulipumua msimu mmoja, kisha maji yakarudi kuliko mwanzo.

Mwezi uliopita alikuja mtu wa kampuni ya madirisha. Alichomeka bisibisi kwenye kizingiti cha jikoni, ikazama nusu. Akasema, "Unaona dada? Yameoza yote." Anataka kung'oa yote 11 na kuweka ya plastiki yenye kioo cha tabaka mbili, kazi ya siku 3, na punguzo lake linaisha mwisho wa mwezi. Mume wangu amekubali, amechoka na mluzi na matambara. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hataki hata kusikia. Ananiambia usiache mbachao kwa msala upitao. Kila nikikaa na mmoja wao naona ana haki.

Je, tusaini? Na tusiposaini, tuanzie wapi?

Mwenye nyumba ya mawe

*

Marahaba, mpwa wangu.

Msisaini. Sisemi plastiki haifai kwa nyumba yoyote, na huko nitafika. Nasema msisaini sasa kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali mtu huyo alipouliza maji yanaingilia wapi. Alipima kizingiti kimoja akahukumu madirisha 11. Na hilo punguzo la mwisho wa mwezi lisikukimbize. Dirisha utakaa nalo miaka na miaka, linastahili kufikiriwa zaidi ya wiki mbili.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale pale, kwenye saruji. Madirisha hayo yamepigwa na mvua ile ile, kutoka upande ule ule, tangu enzi za babu yako. Maji yalizidi baada ya fundi kupita. Basi tuanzie alipopita fundi.

Nyumba za mawe za zamani zilishikwa kwa chokaa. Saruji ya Portland, hii tunayoijua sote, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, na miongo mingi ilipita kabla haijafika mikononi mwa kila fundi. Chokaa ni laini kuliko jiwe na ina vinyweleo. Mvua ikipiga, ukuta unakunywa kidogo. Jua likitoka, unayarudisha maji hewani kupitia chokaa hiyo hiyo. Saruji haifanyi hivyo. Ni ngumu, na ukuta wa zamani husogea kidogo kidogo kila msimu, kwa hiyo saruji inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingilia humo, na yakishaingia hayana pa kutokea. Yanashuka nyuma ya saruji mpaka yakutane na kitu kinachonyonya, na kitu hicho ni ncha za mbao za fremu yako. Ubao ubavuni hunyonya maji taratibu, lakini pale ulipokatwa ni kama fungu la mirija iliyo wazi. Ndiyo maana madirisha huoza kwanza kwenye pembe za chini, zinapokutana ncha na viungo.

Sasa nakuomba utoke nje usimame mbele ya dirisha la jikoni. Pitisha kidole chini ya kizingiti, ile sehemu iliyotokeza mbele ya ukuta. Seremala wa zamani alichonga hapo mfereji mwembamba, mtu anaweza kuingiza ncha ya kidole cha mwisho, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho wake. Tone la maji likitambaa chini ya ubao kuelekea ukutani, likifika kwenye mfereji huo haliwezi kuuvuka, linadondoka. Kama kidole chako hakiukuti, basi umejaa rangi, au, jambo ninalolishuku zaidi, fundi wako aliuziba kwa saruji alipokuwa anapandisha lipu mpaka kwenye mbao. Hapo kila tone linarudi nyuma na kuingia ukutani, mvua baada ya mvua. Niliwahi kukwangua mfereji wa namna hiyo kwa msumari wa inchi 4, nimepiga magoti, vumbi la saruji likiniingia machoni. Mvua iliyofuata nilitoka na mwavuli kwenda kuangalia tu. Matone yalikuwa yamejipanga mstari mmoja chini ya kizingiti, yanadondoka vidole vitatu mbele ya ukuta, na ndani kulikuwa kukavu. Dirisha lenyewe tulikuwa hatujaligusa.

Usiishie hapo, kwa sababu maji ni mjanja. Chukua ndoo na kopo la kumwagilia, mweke mkwe wangu ndani na tochi. Anza kumwagia ukuta chini ya kizingiti, ngojeni dakika 10. Halafu kizingiti chenyewe. Halafu mshono kati ya fremu na ukuta, upande mmoja kisha wa pili. Mwisho vioo na sehemu ya juu. Ukianzia juu hutajua kitu, maana maji yatapita kote kwa pamoja. Atakapopiga kelele kwamba yanaingia, pale ulipomwagia ndipo penye ugonjwa. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na itakueleza mengi kuliko wauzaji watatu.

Baada ya hapo fanya kile kipimo cha bisibisi, ila kifanyike kwa haki. Pita madirisha yote 11. Kila moja lichome taratibu kwenye kizingiti cha chini, kwenye miguu ya fremu, na kwenye pembe za chini za kila bawa; kisha lichome katikati na juu. Mbao nzima inaizuia ncha ya bisibisi milimita 2 au 3 tu. Mbao iliyooza inaipokea kama sponji. Zungushia chaki kila palipozama, halafu simama hatua tano nyuma uangalie. Sijakanyaga kwako, lakini kwa madirisha mengi niliyoyapima, chaki inakaa chini yote na nusu ya juu inabaki safi. Hata huko chini, mara nyingi ni kipande cha urefu wa kiganja.

Na ubao uliooza haumwambukizi jirani yake kama mafua. Vijidudu vya kuozesha mbao vinahitaji maji; unyevu wa ubao ukishuka chini ya asilimia 20 hivi, kuoza kunasimama. Kausha chanzo, na kilichobaki kizima kitabaki kizima.

Kwa hiyo seremala mzuri hang'oi. Anakata pale penye chaki mpaka afike kwenye mbao safi, anaunga kipande kipya cha mbao ya aina ile ile, nyuzi zikielekea upande ule ule, na mkato wa kiungo anaulaza kuelekea nje ili maji yasipate pa kukaa. Akikuambia atajaza shimo kwa puti ya kopo apake rangi juu, mshukuru umwache aende zake. Mwombe pia aandike mwaka kwa patasi kwenye kipande kipya, upande usioonekana. Si pambo hilo. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo wanauegemea mpaka leo, unataka sehemu mpya ioane na jengo zima lakini itambulike kuwa si ya asili. Mjukuu wako akija kulitengeneza dirisha hilo atajua wewe uligusa wapi.

Ile saruji nayo lazima itoke, walau kuzunguka madirisha. Itolewe kwa nyundo na patasi, kwa mkono. Mashine ya kukatia inateleza na kuacha makovu kwenye mawe ambayo hayafutiki. Pale ambapo saruji imeng'ang'ania mpaka jiwe linamomonyoka nayo, iacheni. Jiwe ni la thamani kuliko ushindi. Rudisheni chokaa na mchanga, bila kuchanganya saruji "kidogo ya kuipa nguvu", maneno ambayo mafundi wanayapenda mno. Mwanya kati ya fremu na jiwe ujazwe chokaa yenye nyuzi ndani yake, na ukingo wa nje uzibwe kwa mchanga mkavu uliokandwa na mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Mkando huo unashika jiwe na mbao kwa pamoja na unabaki na ulaini kidogo, hivyo haukatiki ovyo. Silikoni ya bomba inaonekana rahisi, lakini kwenye jiwe lenye vumbi inabanduka ukingoni, na maji yaliyoingia nyuma yake yanabaki humo. Jambo moja la kuogopa: matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa pembeni yanapata joto na yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandazeni nje yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Sasa simama kidogo, tuzungumze juu ya mtoto.

Umeandika sentensi hiyo kama jambo la kupita, kwamba anaokota magamba ya rangi. Mimi nimeisoma moyo ukinidunda. Rangi za mafuta za zamani, hasa za milango na madirisha, mara nyingi zilitiwa risasi, ile metali nzito yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, nchi nyingine kwa wakati wake, lakini rangi iliyokwisha pakwa haikuondoka na sheria. Ipo chini ya zile zilizofuata. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Leo, kabla ya jambo lingine lolote, futa vizingiti na sakafu iliyo chini ya madirisha kwa kitambaa kibichi, kitupe, na mzuie mtoto asifike hapo. Mwoshe mikono kila kabla ya kula. Mpelekeni kwa daktari apimwe damu. Ni kipimo cha kawaida. Na kipande cha rangi kipimwe pia kabla fundi hajaleta msasa.

Ikithibitika ina risasi, rangi isichomwe kwa moto na isisuguliwe kavu. Inasuguliwa ikiwa imeloweshwa, chumba kimefungwa kwa nailoni, fundi amevaa barakoa ya kweli ya vumbi laini, na mtoto hayupo nyumbani siku hizo. Mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi msiitumie, inalirusha upya hewani. Ukiwa mjamzito, nawe ondoka. Wala usidhani kung'oa madirisha yote kungekuepusha na hili: kuvunja fremu 11 zenye rangi hiyo kwa siku 3, nyundo zikipiga ndani ya nyumba, ni kumwaga vumbi hilo kila chumba.

Nirudi kwenye madirisha. Mluzi ni jambo dogo kuliko unavyodhani. Dirisha linalopiga mluzi lina mwanya mwembamba mahali fulani, kwa kawaida pale mabawa mawili yanapokutana katikati. Rangi ikishatolewa kwenye kingo na bawaba zikikazwa, bawa linakaa mahali pake. Kisha seremala anachonga mfuo mdogo na kuingiza utepe wa mpira au wa brashi. Nimekaa kwenye chumba kabla na baada ya kazi hiyo, upepo ule ule, na tofauti yake ni kama mtu amefunga redio.

La chumbani kwenu ni hadithi nyingine kabisa. Maji yanayochuruzika alfajiri bila mvua hayatoki nje. Ni pumzi zenu. Watu watatu wakilala kwenye chumba kilichofungwa wanatoa unyevu mwingi kwa kupumua na kutokwa jasho tu, na nguo mbichi mkizianika ndani zinaongeza lita kadhaa. Mvuke huo unatafuta kitu cha baridi kuliko vyote chumbani, unakuwa maji: kwanza kwenye kioo, kisha kwenye kona ya ukuta. Hapo ndipo ukungu unapoota. Dirisha jipya lisilopitisha hata uzi wa hewa lingekaushia kioo chenu na kuupeleka mvuke wote ukutani. Ukungu ungezidi, na mngeambiwa ni nyumba ya mawe ndiyo mbovu. Kinachotakiwa pale ni dirisha kufunguka. Basi.

Nimeahidi kuitendea haki plastiki. Ni kweli haihitaji kupakwa rangi. Ni kweli kioo kimoja kinapitisha joto karibu mara mbili ya kile cha kawaida cha tabaka mbili, na kama mnaishi penye baridi kali au jua la kuunguza hilo si jambo la kupuuza. Ila pima na upande wa pili. Plastiki ya PVC hutanuka na kusinyaa sana kwa joto. Fremu ya mita moja na nusu, kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali, tofauti ya nyuzi 40 kwenye fremu yenyewe, inabadilika urefu kwa milimita 4 hivi. Mbao, kwa urefu wake, haifiki hata nusu milimita. Kila siku inausukuma na kuuvuta ule mshono wake na jiwe. Halafu kuna unene. Tuseme tundu lako lina sentimita 90 kwa 120, na mbao ya zamani inakula sentimita 8 kila upande. Fremu ya plastiki ikila 12, na mara nyingi inakula kiasi hicho, unapoteza karibu asilimia 18 ya kioo. Kwenye ukuta mnene unaonyima mwanga tayari, chumba kinakuwa na giza mchana kweupe. Vile vioo vyako 6 kwa kila bawa haviwezi kurudi pia, kwa kuwa vijiti vyembamba vinavyovishika havibebi tabaka mbili. Mtaletewa kioo kimoja kikubwa chenye vijiti vya kubandika.

Na kioo cha tabaka mbili kinaishi kadiri gundi ya ukingoni inavyoishi. Inaweza kufika miaka 20, inaweza isifike. Ikiachia, mvuke unaingia katikati, kioo kinakuwa na ukungu usiofutika kwa ndani wala nje, na kipande chote kinabadilishwa. Nyumba niliyoishi kabla ya hii niling'oa madirisha manne ya mbao kwa ushauri kama huo mliopewa. Nilikuwa kijana, nina haraka, na sikumuuliza mtu. Matatu yaliingia ukungu katikati ya vioo, na ukuta ulibaki na unyevu ule ule, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kwenye mfereji wa paa. Fremu za zamani tulizipasua kuni. Nakumbuka shoka lilivyokuwa linaruka juu ya mbao ile, ilivyokuwa ngumu, nyekundu ndani na yenye harufu kana kwamba imekatwa juzi. Sijawahi kupata mbao ya namna hiyo dukani tena, na mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ile naangalia upande mwingine.

Nyinyi mna njia ya tatu ambayo muuzaji hakuitaja. Kwa sababu mabawa yenu yanafungukia nje na ukuta ni mnene, mna nafasi ya kuweka dirisha la pili kwa ndani: fremu nyembamba yenye kioo kimoja, inayofungukia ndani au kuteleza. Hewa iliyo katikati ndiyo inayozuia joto au baridi, na faida yake inakaribia ile ya tabaka mbili. Kama tatizo ni kelele za barabarani, acheni sentimita 10 hadi 20 kati ya vioo, maana huo ndio umbali unaozima sauti vizuri. Hakikisheni tu kwamba la ndani linafunguka kwa mkono mmoja, usiku wa moto hakuna anayetafuta bisibisi. Siku mkihama au kuzeeka, linafunguliwa skrubu nne na la babu liko pale pale.

Kuna madirisha ya kubadilisha, sikatai. Fremu ikiwa imeoza miguu yote na kichwa, viungo vimeachia, ukiitikisa inacheza kama jino, hapo kuunga ni kupoteza mbao. Badilisha hilo, hilo moja, kwa mbao iliyonakiliwa kutoka kwa ndugu zake, na vioo vizima vya zamani uvihamishie humo. Vile vinavyofanya mti ulio nje uonekane kama unacheza majini unapotingisha kichwa. Watu husema kioo kimeyeyuka kwa uzee. Hapana, kilitengenezwa hivyo, kwa kupulizwa au kuvutwa, kabla ya kioo bapa cha kisasa, kinachotengenezwa kwa kuelea juu ya metali ya bati iliyoyeyushwa, ambacho Pilkington wa Uingereza walikitangaza mwaka 1959. Kikivunjika hakirudi.

Popote fremu inapotoka, kwanza tegemezeni mawe ya juu. Kwenye kuta hizi linta ya ndani, yaani boriti inayobeba mawe juu ya dirisha, mara nyingi ni ya mbao, na kama imelegea, uzito wa mawe umekuwa ukikaa juu ya fremu kimya kimya miaka yote. Mtu wa "siku 3 yote 11" ataing'oa kama droo ya kabati. Mawe yakianza kushuka hayasimami kwa kuambiwa. Na muulizeni mhusika wa majengo wa eneo lenu kama nyumba yenu inahitaji kibali kabla ya kugusa sura ya nje. Majengo mengi ya namna hii yanakihitaji, na ni rahisi kuuliza leo kuliko kurudisha kilichovunjwa.

Umesema kila ukikaa na mmoja wao unaona ana haki. Wanayo wote wawili. Mkwe wangu hakukosea kuchoka. Mtu aliyekamua matambara usiku kwa miaka 4 haambiwi habari za urithi, anaonyeshwa ukuta mkavu. Basi usimpe hoja, mpe ile ndoo na tochi, awe yeye anayepiga kelele maji yanapoingia. Na mama yako, dada yangu huyo, muulize kitu kimoja: baba alikuwa anafanya nini kwenye madirisha haya kila kabla ya mvua? Nina hakika kulikuwa na siku ya kopo la mafuta na brashi, hata kama hakuna aliyeiona kuwa kazi.

Kwa mpangilio, ukishamaliza ya mtoto na kipimo cha rangi: dirisha la chumbani kwanza. Lowesha mstari wa rangi pale bawa linapokutana na fremu, ukate kwa kisu chembamba kuzunguka lote, kisha mkwe wangu asukume kutoka ndani kwa kiganja, karibu na bawaba, asipige. Likikataa, kata tena. La jikoni na la sebuleni yafuate, saruji kwanza, mbao baadaye. Mengine 8 yanaweza kungoja, mawili au matatu kwa mwaka. Puti mpya ya vioo iachwe ikomae wiki kadhaa kabla ya rangi, na rangi ipande juu ya kioo milimita 2 ili kuziba mshono.

Chumbani kukishapata hewa, niandikie kidole chako kilikuta nini chini ya kizingiti cha jikoni.

Mjomba wako